Katiba kwa Sauti ya Chini

Mwaka wa pili tangu tuikimbie Unguja, nilikuwa nikijisomea nyumbani kwetu Matrah, mji wa Waarabu ambako kumsema mtawala kulikuwa hatari, nikitumai kwenda kusoma ng'ambo. Alasiri moja nilikuwa nikimweleza baba Katiba ya Marekani: Bunge hutunga sheria, mahakama huzitafsiri, na rais akikosa hushtakiwa na Bunge. Baba alikuwa ukumbini akishona kofia, nami chumbani mlango ukiwa wazi, kwa hiyo nikapaza sauti anisikie.

Mlango wa nje ukagongwa, baba akaufungua. Askari alisimama kizingitini na bunduki yake.

"Binti anasoma nini?" aliuliza kwa Kiarabu.

Sikujua kama anakifahamu Kiswahili.

"Hadithi za wafalme wa kale," baba akajibu.

Askari alikitazama kitabu mapajani mwangu. "Sauti yake inafika njiani," alisema, kisha akaenda zake.

Baba alifunga dirisha. Akaninong'oneza, "Mwanangu, nnakuuliza. Huyo anayemshtaki rais, usiku hulala kwake kwa amani?"

"Hulala, baba. Sheria inamlinda."

Hakuniamini. Tokea siku hiyo nilisoma kwa macho tu, na kila niliposikia nyayo za askari nilikifunika kitabu kwa kanga.