Darasa Lisiloonekana

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, Mkuu wa chuo alifungua kompyuta yake, akaandika jina la chuo chake mwenyewe kwenye kisanduku cha kutafutia, na tangazo likitokea juu kabisa alilibofya kwa furaha. Kisha alimpigia simu Mama Matangazo, aliyekaa vyumba vitatu kutoka hapo.

"Tuko juu!"

"Tuko juu, Mkuu. Ila usibofye. Kila ukibofya, tunalipa."

"Nimebofya mara moja tu."

Mara moja tu, kila siku ya Mungu. Mama Matangazo alikuwa amemweleza mpaka mdomo umemkauka, na sasa alisema tu kwa mazoea, mkono mmoja ukiwa tayari unarudisha simu mahali pake.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya masjala, alichochangia na mashine ya kutoa nakala na maboksi ya mitihani ya zamani ambayo hakuna aliyethubutu kuyatupa. Kazi yake ilikuwa kununua maneno. Mtu akiandika mtandaoni kwamba anatafuta chuo, basi tangazo alilolitunga yeye limtokee kabla ya vyuo vingine. Lakini nusu ya kazi, ile isiyosifiwa, ilikuwa kukataza maneno. Ukikataza neno, yeyote atakayeliandika halioni tangazo lako kabisa. Alikataza "bure" siku ya kwanza kazini. Alikataza "picha", "majibu ya mtihani", na majina ya vyuo ambavyo wanafunzi huvitafuta ili wavitukane. Kwa njia hiyo fungu la fedha za mwezi lilifika mwisho wa mwezi, na Mkuu hakufoka.

Mama Matangazo alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha. Ni ule wa kutazama watu kwa miaka bila kuwaona sura, unaona tu walichoandika, wanapita, wanapotea.

Jumatatu hiyo kulikuwa na kikao. Mkuu alisema darasa la jioni la ualimu wa chekechea litafungwa Ijumaa. Lilianzishwa kwa ajili ya watu wazima wanaofanya kazi mchana, nalo limebaki na wanafunzi wanne, mmoja wao anasinzia. Mwenye darasa, mzee mwembamba waliyemwita Mwalimu wa Taa kwa sababu ndiye aliyezima taa za jengo zima akiondoka, hakubisha. Alimgeukia Mama Matangazo tu.

"Kweli hata mmoja haulizi?"

"Hakuna, Mwalimu. Watu siku hizi hawatafuti masomo ya jioni."

Alisema hivyo kama anayesema leo kuna mawingu. Mwalimu wa Taa aliitikia kwa kichwa, akakusanya karatasi zake, akatoka.

Siku hiyo, akitoka kazini, Mama Matangazo alipitia kwa dada yake mkubwa. Mlangoni vilikuwa vimepangwa viatu vidogo vidogo vya watoto wa majirani, kwa maana dada yake aliwalea hapo sebuleni mpaka wazazi warudi. Alikuwa na kipaji, hilo halina ubishi. Mtoto aliyeingia akipiga mayowe alinyamaza kabla hajafika kwenye kiti. Hata yeye Mama Matangazo alilelewa na mikono hiyohiyo. Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyeacha shule ili mdogo aendelee. Jambo hilo halikuzungumzwa katika familia. Lilikuwepo tu, kama ukuta.

"Shule ya jirani wananitaka," dada alisema, huku anamfuta mtoto makamasi. "Wanataka nifundishe wadogo. Ila wanadai cheti."

"Si usome, Dada?"

"Nisome wapi, mdogo wangu? Mchana nina hawa. Nimetafuta masomo ya jioni mpaka macho yameniuma. Mwaka jana nimetafuta, mwaka huu nimetafuta. Naletewa vyuo vya ng'ambo na matangazo ya dawa za nywele."

"Mbona hukuniuliza mimi?"

"Nikuulize ili ukaniombee nafasi kwa mabosi wako? Sitaki kubebwa. Halafu nikajua chuo chenu ni cha hao watoto waliotoka shule juzi. Kingekuwa na jioni, kisingenitokea?"

"Umeandikaje?" Mama Matangazo aliuliza.

Dada alimwonyesha simu yenye kioo kilichopasuka. Ualimu wa chekechea masomo ya jioni.

Hakuhitaji kwenda ofisini kuhakikisha. Alikumbuka siku yenyewe, miaka miwili nyuma, ana mafua, Mkuu anafoka simuni kwamba fungu limekwisha kabla ya nusu ya mwezi. Waliolimaliza walikuwa watu wanaotafuta kazi za jioni, wanaobofya kila kitu kwa njaa ya kazi. Alipaswa kukataza "kazi". Akakataza "kazi" na "jioni", yote mawili, akapiga chafya, akaenda nyumbani. Tangu hapo, kila aliyetafuta masomo ya jioni, chuo kilimfungia mlango usoni, naye Mama Matangazo akakaa chumbani kwake akasema watu hawatafuti.

Alitaka kusema.

"Jaribu tena kesho," ndilo lililomtoka.

Kesho yake alilifungulia lile neno "jioni" kabla ya Mkuu hajafika, kisha Mkuu alipofika akaenda kusimama mbele ya meza yake, akamweleza.

"Kosa la nani?" Mkuu aliuliza.

"Langu."

Mkuu alijikuna kichwa, akatazama dirishani. "Nitafutie watu wa kujaza safu ya mbele. Ijumaa tutaona."

Mwalimu wa Taa naye, Mama Matangazo alimkuta darasani anafuta ubao. Alimweleza yote bila kupamba. Mzee hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Nilibadilisha hata namna ya kufundisha," alisema. "Nilidhani nawachosha." Akaendelea kufuta ubao uliokwisha kuwa safi.

Simu zilianza mchana huohuo. Mama Matangazo aliomba zielekezwe mezani kwake, azipokee mwenyewe. Mlinzi. Mwuza duka. Mjane mwenye sauti ya chini aliyeuliza mara tatu kama kweli umri si tatizo. Aliwajibu wote kwa upole, na kila aliyemjibu alimkumbusha wale wa miaka miwili ambao hawakupiga. Hata Mkuu alipita mlangoni, akaona jinsi simu inavyoita, akasema basi, darasa liendelee muhula mmoja.

Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana, simu iliita tena.

"Samahani, nimeona tangazo lenu la masomo ya jioni..."

"Dada."

Nyuma yake mtoto alikuwa anaimba herufi, amezikosea.

"Kumbe ni wewe unayepokea? Sasa mbona leo chuo kimetokea na siku zote hakitokei?"

Angeweza kusema ni mambo ya mtandao. Watu huamini chochote ukisema ni mambo ya mtandao. Alishika simu kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyekizuia, Dada. Miaka miwili. Sikukusudia, lakini ni mimi."

Mtoto alifika mwisho wa herufi zake, akaanza upya. Mama Matangazo aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni.

"Mimi nilidhani," dada alisema polepole, "ndivyo mtandao unavyomwambia mtu kwamba wakati wake umepita."

"Haujapita."

"Haya. Niandike. Na jina langu uliandike kama la wengine, usinipendelee."

Alichukua kalamu. Jina hilo alilijua kabla hajajua lake mwenyewe, lakini, kama kwa wengine, alimwomba dada alitaje taratibu, herufi moja moja.