Maji ya Mama Kevo yamerudi kwake

Leo nimelipiza kisasi, na sijutii hata kidogo.

Mnamjua jirani yangu hapa mtaani Jericho, Mama Kevo. Baridi hii yote ya Julai amekuwa akimwaga maji ya kufulia njiani. Juzi mke wangu, mama wa miaka sabini, aliteleza hapo akavunjika mkono wa kulia. Nilipomlalamikia, Mama Kevo alicheka.

"Mzee, si mkae tu kwa nyumba?"

Basi leo nimeamka na jembe. Nikachimba mfereji kutoka pale anapomwaga hadi mlangoni kwake. Polepole, maana goti langu mnalijua.

Akamwaga beseni la kwanza. Povu lote likaingia ndani, mpaka chini ya makochi!

Akatoka mbio, akateleza, akakaa kwenye tope. Majirani wakazima redio wasikie vizuri.

"Nani amefanya hii maneno?"

"Ni mimi," nikasema, jembe mkononi. "Nitaufukia ukimwomba mke wangu msamaha."

Saa kumi amekuja. Niambieni kama tumekosea: mke wangu amemwacha asimame mlangoni, akamaliza chai kwanza, kwa mkono wa kushoto, kikombe kizima.