Kipande cha Shaba cha Tenah

Tenah alikuwa dobi, na katika kichochoro chetu hapa Charleston hakuna aliyetia shati wanga likasimama kama la kwake. Alikuwa mali ya Bi. Lathrop, mjane wa mtaa wa chini, ila hakulala kwake. Alikuwa wa kukodishwa; au niseme vizuri, alijikodisha mwenyewe. Alijitafutia nguo za watu mjini, akafua, na kila Jumamosi akapeleka ujira kwa bimkubwa wake. Kwa mpango huo akapata chumba kilichopakana na changu, ukuta wa mbao mmoja tu kati yetu, na humo akaishi na mwanawe Binah, wa miezi saba.

Kuishi na Binah ndiyo iliyokuwa roho yake. Mwenye maziwa kifuani hukodishwa kwa bei kubwa kuliko dobi. Hupelekwa kunyonyesha mtoto wa wazungu, na tangazo la gazetini husema wazi: bila mtoto wake. Bi. Lathrop alishamwambia siku moja, "Ukiniletea matata na walinzi wa mji, Tenah, nitakutafutia nyumba ya kunyonyesha." Hakurudia maneno hayo, na wala hakuwa na haja.

Matata yenyewe yalikuwa ya kipande. Kila aliyekodishwa alivaa shingoni kipande cha shaba chenye namba na mwaka, ambacho bwana wake alikinunua kila Januari. Anayefanya kazi ya bwana wake mwenyewe hakukihitaji. Lakini wa kukodishwa akikutwa hana, alipelekwa kwenye jela ya viboko, ile tuliyoiita Sukari, na bwana wake akalipishwa faini.

Mwezi wa sita Binah alikuwa anaota meno. Kupitia ukuta nilimsikia akilia tangu alfajiri, kisha ghafla, kimya. Nilijua amepewa kipande. Shaba ile ilikuwa baridi, naye akiitafuna ufizi ulitulia. Asubuhi moja Tenah alikivua akamvika mtoto ili mikono yake ipate kupanga kikapu. Binah akasinzia. Tukamwacha pamoja na mwanangu mchanga kwa Nyanya Dafne, anayetutunzia watoto, tukajitwika vikapu na kutoka.

Tulikuwa tumeshafika barabara kubwa Phibby, muuza vitumbua vya ufuta, alipoita, "We Tenah! Mbona shingo nyepesi leo? Umeolewa na meya?"

Tenah akapeleka mkono kifuani. Nikaona uso wake unabadilika.

"Kiko kwa Binah," akaninong'oneza.

"Turudi."

"Usigeuke. Tazama mbele."

Mlinzi wa mji alikuwa amesimama pembeni, anakagua kila apitaye. Anayegeuka ndiye hukamatwa kwanza, hilo hata watoto wanalijua.

Tenah akatua kikapu mbele ya Phibby kana kwamba anachagua kitumbua. "Nipe kilichoiva," akasema kwa sauti, huku mikono ikifanya kazi nyingine chini. Sisi hatukuruhusiwa kusoma, lakini dobi gani hajui alama za nguo? Foronya tatu za Bi. Lathrop, zenye alama yake, fimbo iliyokunja mguu, iliyotiwa kwa uzi mwekundu, zilikuwa chini kabisa. Akazichomoa akaziweka juu ya mashati ya watu.

"Vyote vimeiva, mama," Phibby akajibu taratibu, akisogea ili sketi yake izibe kikapu. Mzaha ulikuwa umemwisha.

Mlinzi alianza na mimi. Akageuza kipande changu, akasoma namba, akaniachia.

"Na wewe?"

"Sina, bwana. Nabeba nguo za bimkubwa wangu mwenyewe, Bi. Lathrop."

Akainua foronya ya kwanza, akatazama uzi. Ya pili. Ya tatu akaishika pembe, akaivuta. Chini yake likatokea shati la mwanamume, pana kama tanga.

"Mjane anavaa hili?"

"Ana mgeni, bwana."

"Basi twende tukamwamkie mgeni."

Niliwafuata kwa mbali, maana nguo zangu zilikuwa za nyumba ya jirani na pale. Tenah hakuwahi kugeuka nyuma. Niliona tu maziwa yameanza kulowesha nguo yake, kwa kuwa saa ya Binah ilikuwa imefika.

Bi. Lathrop alitoka barazani na pepeo mkononi. Mlinzi akavua kofia, akaeleza, akanyanyua lile shati. Bimkubwa akalitazama shati, akamtazama Tenah, kisha mlinzi. Ningeapa alikuwa anaitazama ile faini.

"La kaka yangu," akasema. "Amelala, anaumwa kichwa. Nimwamshe?"

"Hapana, bibi. Samahani sana."

Mlinzi alipokwisha kupotea mtaani, bimkubwa akauliza, "Kiko wapi?"

"Nyumbani, bimkubwa."

"Nyumbani kwa nani?"

"Anacho Binah, bimkubwa. Anaota meno."

"Kilete kabla ya kengele ya saa sita. Na huyo mtoto mlete."

Tenah alikimbia kwa vichochoro vya nyuma, akarudi amekivaa kipande, uzi wake bado umelowa mate, na Binah kambeba kifuani. Bi. Lathrop akamshika mtoto kidevu. Shaba ilikuwa imemwachia rangi ya kijani midomoni.

"Kipande nilikinunua mimi," akasema. "Na anayekitafuna ni wangu vilevile. Usisahau." Akampapasa Binah shavu, kwa upole kabisa. "Kaa naye mpaka Januari. Januari nitakukodisha kwa maziwa."

Tenah hakulia. Alipofika chumbani aliniomba kitambaa kirefu, nami nikachana shuka langu. Akajifunga kifua, akakaza hadi akauma meno. Kuanzia siku ile Binah alikula uji wa mchele. Alipoukataa, mama yake alinipitishia mlangoni, nami nikamnyonyesha pamoja na wangu, mmoja huku mmoja huku. Bwana wangu aliishi mashambani, hakujua nina nini kifuani. Tenah alikaa upande wake wa ukuta akipiga pasi kwa nguvu, ili asimsikie akinyonya, maziwa yake yasije yakarudi.

Januari daktari wa Bi. Lathrop alimkamua Tenah mara tatu, kama mtu anayekamua mbuzi mzee. Hakikutoka kitu.

"Basi akafue," bimkubwa akasema, akamtupia kipande kipya.

Binah alishakuwa na meno manane. Akakinyooshea mkono kile kipande kinachong'aa, na Tenah akakifumba ndani ya ngumi yake.

"Hiki hapana, mwanangu," akamwambia. "Kula kidole."