Mgongo wa Picha

Uji wa mahindi ukiungulia sufuriani, mimi huuepua mbiombio, kisha nabaki nimesimama na mwiko mkononi, naona haya. Wanangu hunicheka. Hawajui uji niliwahi kuutumia kwa kazi gani.

Baba alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani kwa Bibi Savita, mjane wa Kihindi mwenye duka la vitambaa pale Sumbawanga. Duka la ushirika lilipofunguliwa na kuchukua biashara ya vitambaa, rafu za bibi zilibaki na nyuzi na vifungo tu. Watoto wake wakahamia Dar, yeye akagoma. "Mume wangu alipokufa alichomwa hapa, kwa mila yetu. Mimi niende wapi?"

Nikitoka shule nilimwamkia, "Shikamoo bibi," naye akaniita, "Njoo, beti," yaani binti. Kisha alitoa picha ndogo, haizidi daftari: kijana wa rangi ya buluu chini ya mti, mawingu meusi, na mwanamke mlangoni akimngoja. Alinieleza kwamba zamani mshairi alimwimbia Mungu wake, ndiye yule kijana wa buluu, kama mke anavyomlilia mume aliye mbali. Mchoraji wa mfalme akausikia wimbo, akauchora, na maneno yakaandikwa mgongoni mwa picha. Basi sura alinigeuzia mimi, yeye akisoma mgongo na kuimba. Nilipokaa mimi, zamani alikaa mumewe. Na kichwa chake kilishaanza kusahau. Bila ile karatasi, wimbo ulimponyoka.

Masika moja bati lake likavuja, akanipa picha niitunze kwetu Katandala. Jamani, nilitaka kuiheshimu! Kwetu Wakatoliki picha takatifu haifichwi sandukuni. Nikakoroga uji mzito, nikaupaka mgongoni, nikaibandika ukutani ubavuni mwa Bikira Maria. Mama akasema, "Hapo sasa nyumba imependeza."

Wiki ya pili Bibi Savita akaugua, akaiomba picha yake. Baba aliibandua kwa kisu, taratibu, jasho likimtoka. Sura ilitoka. Mgongo ulibaki kwenye udongo wa ukuta, pamoja na maneno yake.

Tulimkuta kitandani. Aliigeuza, akapapasa magamba ya uji. Nilidhani atanipiga, heri angenipiga! Akaanza kuimba, mstari mmoja, akakwama. Akaanza upya, akakwama palepale.

"Wimbo unaendeleaje, beti? Wewe umeusikia kila siku."

Nilikuwa nimeusikia, lakini lugha ile sikuijua, na macho yangu siku zote yalikuwa kwa yule kijana wa buluu. Nikalia. Baba akanifinya bega: "Msaidie bibi yako." Nikamwimbia sauti tupu, bila neno, nimefumba mdomo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Maneno, beti. Maneno." Alikufa siku ya tatu, bado anayatafuta.

Nyumbani, mama alikuwa ameshapaka chokaa pale palipobanduka.

Sasa mimi pia ni mjane, na ndipo nimeelewa alikuwa akimwita nani kila jioni. Njia ya kumwitia niliiziba mimi, kwa mikono yangu, kwa mapenzi mema kabisa. Sauti ya wimbo ule ninayo hadi leo. Huwa naiimba nikikoroga uji, mdomo nimeufumba.