Siku Bila Ng'ombe

Tangu aoe, Durk Hoekema hakuwahi kukosa kukamua ng'ombe wake kwa siku mbili mfululizo, naye alilihesabu jambo hilo kuwa sifa. Mkewe Sjoukje alilihesabu kuwa ugonjwa. Kiangazi kile jirani alikubali kuwakamulia wiki nzima, wakatoka Frisia, kaskazini mwa Uholanzi, wakavuka mpaka kuingia Ujerumani. Garini binti yao Hylkje, mwenye miaka kumi na minne, akatoa sharti.

"Baba, kesho tunaenda bustani ya wanyama. Ukitaja ng'ombe hata mara moja, mwakani nabaki kwa bibi. Sitanii."

"Hata ndama?"

"Baba!"

Durk akaapa. Makosa yake aliyajua. Mwaka uliopita, katika kanisa moja kubwa Ubelgiji, aliwatangazia watalii wote kwamba ng'ombe aliyechorwa kando ya mtoto Yesu ana kiwele kibovu. Hylkje alijificha nyuma ya nguzo. Baba mtu hakusahau sura ile, na wazo la kusafiri bila binti yake lilimuuma.

Asubuhi jirani alipiga simu. Durk alisikiliza, akaguna, akaitia simu mfukoni.

Saa nne walikuwa langoni na mkoba wa mikate na jibini, maana kwetu Frisia anayenunua chakula ilhali ana mkate wake hakulelewa. Mbele ya pundamilia Durk alivutiwa na makalio, akameza maneno. Walipopita zizi la mifugo, alisimama humo ng'ombe mweusi-mweupe, wa kwao kabisa. Durk akageuka, akasoma kibao cha choo kuanzia juu hadi chini.

"Unaumwa?" Sjoukje akauliza.

"Nina furaha."

"Basi iambie sura yako."

Wakafika kwa twiga. Watu walitazama shingo. Durk alitazama miguu. Jike mmoja alichechemea, kwato za nyuma zimerefuka. Mzee mzima akajishindilia mkate mdomoni kama gunzi kwenye chupa. Mwanamume wa miaka hamsini, ameshindwa kutazama mnyama bila kumkagua! Alijionea aibu, na bado hakuweza kuondoa macho.

"Baba," Hylkje akanong'ona. "Yule. Kwato za nyuma."

Durk alitafuna.

"Huoni? Mbona husemi kitu?"

"Si niliahidi."

Hylkje akamvuta mkono hadi kwa mtunza wanyama, akaeleza kwa Kijerumani chake cha shule. Durk alikwisha kujiona mwokozi wa twiga wa Ulaya nzima.

"Tunajua," mtunzaji akasema. "Anakatwa kwato Alhamisi."

Mwokozi akanywea.

"Lakini nyinyi mmejuaje? Hakuna mgeni anayetazama chini."

"Sisi tunafuga ng'ombe," Hylkje akajibu, kidevu juu. "Sitini na wawili."

Sisi. Durk alilisikia neno hilo likimshuka mpaka tumboni.

"Sitini na watatu," akasema taratibu. "Blommie wako alizaa jana usiku. Jirani alipiga simu asubuhi."

Hylkje akamgeukia, macho yamemtoka. Ng'ombe huyo alikuwa amemlea mwenyewe kwa chupa tangu akiwa ndama.

"Tangu asubuhi unajua, na umeninyamazia?"

"Niliahidi, mwanangu."

"Baba, wewe ni mjinga!" Akamshika koti kwa mikono miwili, mbele ya Wajerumani wote. "Jike au dume?"