Mpamba wa Baba Mkwe

Mume wangu alikaa nami msimu mmoja tu baada ya kunioa, kisha akaenda Geita kutafuta kazi ya kuchimba dhahabu, akaniacha na baba yake kwenye mji wao, yaani boma lao, upande wa Kolandoto. Mama mkwe alikuwa amekwisha kufariki. Tulibaki wawili, na kwa adabu yetu mkamwana hamtazami mkwewe usoni. Tulizungumza yeye akiwa amekaa mlangoni mwa zizi, mimi nimempa mgongo nikitwanga mtama. Labda ndiyo sababu aliniambia mambo ambayo hakumwambia mtu mwingine.

Ilikuwa miaka ile ya amri nyingi za mkoloni za kilimo: lima matuta, punguza ng'ombe, na pamba ikishavunwa ng'oa miti yake yote uichome. Tuling'oa. Lakini nyuma ya ghala mzee aliuacha mpamba mmoja makusudi. Mvua zilipoanza ukachipua wenyewe, ukazaa kuliko yote ya shambani. Msimu uliofuata ulikuwa umenizidi kimo.

"Mayu," aliniita, maana kwa Kisukuma hata mkamwana huitwa mama, "umeuona? Hakuna aliyeupalilia."

"Nimeuona, baba."

"Sasa fikiria mtama nao uwe hivyo. Mti wa mtama, mnene kama nguzo ya zizi. Unaupanda wewe, wanauvuna wajukuu. Karanga zining'inie juu kama matunda, mtu asiiname. Viazi vikikomaa vitoke vyenyewe ardhini, vikae juu ya tuta vinakusubiri."

Mume wangu alikuwa amekuja kutuona siku chache baada ya mavuno, nami sasa nilikuwa na mimba ya kwanza, na mgongo ulikuwa ukiniuma tangu alfajiri kwa jembe. Nilicheka, lakini nilitaka aendelee.

"Na ndege je, baba? Nani atapanda juu kuwafukuza?"

Alilifikiria jambo lenyewe kweli kweli. Kisha akasema katika nchi yenye miti hiyo kila mji utapanda mti mmoja wa ndege, nao ndege wataujua mti wao. Majembe yatapelekwa kwa mhunzi yafuliwe kuwa kengele za ng'ombe. Wanawake watalala mpaka jua litoke.

Niliamini. Sijui niseme nini zaidi. Jioni nilikuwa nikipita nyuma ya ghala kuugusa ule mti.

Bwana shamba alikuja asubuhi moja akiwa na tarishi wa mtemi. Alikuwa kijana wa Kisukuma, mwenye adabu. Alimpa mzee shikamoo, akauliza habari za ng'ombe, kisha akauzunguka mpamba. Akachuma kitumba kimoja, akakipasua kwa kucha. Ndani mlikuwa na funza wawili wekundu.

"Hawa wanasubiri pamba changa ya majirani, baba," alisema.

"Ni mti mmoja tu, mwanangu."

"Funza unamtosha huo mmoja. Hata ungekuwa wa baba yangu mzazi, ningeung'oa."

Jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa akinisaidia kuteka maji, alikuwa amesimama uani. Pamba yake ilikuwa imeliwa mwaka uliopita. Aliangalia chini tu, nami nikaona kwamba bwana shamba anasema kweli. Kama bwana shamba angekuwa mkali au mwongo ningejua pa kuipeleka hasira yangu.

Tarishi akasema mti usipong'olewa sasa hivi, mzee atakwenda naye barazani kwa mtemi.

Mzee akachukua jembe. Alichimba kuzunguka shina, lakini mizizi ilikuwa imezama, na mikono yake haikuwa na nguvu tena. Bwana shamba akakunja mikono ya shati amsaidie.

"Usiuguse!" mzee alimkemea.

Basi nikaenda mimi, na tumbo langu, nikalishika shina upande wa pili. Kwa mara ya kwanza tulitazamana.

"Vuta, mayu."

Nikavuta. Shina likakatika, mizizi mingi ikabaki chini, mzee akaichimbua kipande kwa kipande. Mti ulikuwa mbichi, haukutaka kushika moto. Pamba iliyokuwa imepasuka ndiyo iliyoungua upesi, mashina yakafuka mpaka tarishi akachoka kungoja.

Baada ya siku ile hadithi za mlangoni mwa zizi zilikwisha. Nilijaribu. Nilimuuliza muhogo ungekuwaje katika nchi yake.

"Muhogo ni muhogo, mayu," alisema.

Msimu uliofuata alilima matuta yaliyonyooka kuliko ya wote, na baada ya mavuno akawa wa kwanza kijijini kung'oa. Bwana shamba alimsifu mbele ya watu. Mzee aliitikia kwa kichwa tu.

Mume wangu aliporudi, mtoto alikuwa ameanza kutembea. Akasema tunahamia Geita. Nilimsimulia habari za ule mti, nikaona ninavyoueleza vibaya, unageuka kichekesho.

"Mzee amezeeka," alisema, akaendelea kufunga mizigo.

Siku ya kuondoka mzee alitusindikiza hadi barabarani. Nilikuwa nimepanga kumwambia kwamba nilikuwa nikiiona nchi ile, miti yake yote, hata ule wa ndege. Nikapiga magoti kumuaga, mtoto mgongoni.

"Mkalime vizuri huko," alisema.

"Ndiyo, baba," nikajibu.