Sauti ya Mama wa Ileje

Mara ya kwanza nilimsikia kwa sekunde chache tu, ndani ya mkoba wa mteja.

Wakati huo cherehani yangu ilikuwa kwenye baraza ya duka la vitenge pale Tunduma, upande wa barabara ambako malori husimama kutwa yakisubiri kuvuka kwenda Zambia. Mteja alikuwa mama wa makamo kutoka ng'ambo, aliyeniletea kitenge cha harusi ya mdogo wake. Nilikuwa nampima kiuno simu yake ilipoita mkobani. Haikulia kama simu nyingine. Ilikuwa sauti ya mwanamke peke yake, bila gitaa wala kinanda, ikipanda polepole kama mtu anayepandisha mlima na mzigo kichwani, ambaye anajua atafika na hana haraka. Mama akapokea, sauti ikakatika.

Nikabaki nimeshika tepe, nimesahau hata namba niliyoisoma.

"Mama, huo ni wimbo gani?" nilimuuliza alipomaliza kuongea.

"Sijui, mayo," akasema, akiniita mama kwa Kibemba. "Binti yangu ndiye aliniwekea."

Namba yake nilikuwa nayo, maana wateja wa ng'ambo huwa nawapigia nguo zikiwa tayari. Nikampigia palepale, tukiwa tumekaa ana kwa ana. "Usipokee," nikamwambia. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Mara ya tatu akaanza kucheka, akaitoa simu mkobani na kuiweka mezani katikati ya mikasi na vipande vya kitambaa, tukainama wote wawili kuisikiliza. Fundi mwenzangu wa cherehani ya pili akauliza kama nimechanganyikiwa. Alipoaga, yule mama aliniambia, "Natotela." Ananishukuru mimi, wakati mimi ndiye niliyekuwa nimepewa kitu.

Siku hiyohiyo nilifunga kazi mapema nikaenda kwa bwana mmoja mwenye kibanda karibu na stendi, ambaye kazi yake ni kuwajazia watu nyimbo kwenye memori kadi. Nikamweleza. Akasikiliza bila kuinua macho kwenye kompyuta yake.

"Imba," akasema.

"Hapa?"

"Usipoimba nitajuaje?"

Sina sauti mimi. Kwaya ya shuleni walinipa kazi ya kushika vitabu. Lakini nikaimba, mbele ya watu waliokuwa wanachagua chaja na kava za simu, na sikuwa nimefika hata katikati akainua mkono.

"Huyo ni mama wa Ileje."

"Jina lake nani?"

"Sisi tunamwita hivyo tu. Ni mkulima wa huko milimani. Anaimba Kindali, mara nyingine anachanganya na Kiswahili."

Alikuwa na nyimbo zake nne. Kwenye simu yangu zilitokea kwa namba tu, moja mpaka nne, bila picha wala maelezo. Mimi ni Mnyiha wa Itaka. Kindali nilikuwa naokota neno moja moja, kama mtu anayepita nje ya nyumba za watu. Hata hivyo nilishona nazo wiki nzima, wimbo wa kwanza mpaka wa nne, kisha wa kwanza tena, na kila nilipofika mahali fulani kwenye wimbo wa pili mguu wangu uliacha kukanyaga cherehani wenyewe. Nilikuwa nimezoea nyimbo zinazoniomba nizipende. Huyu hakuomba kitu. Aliimba kama mtu anayezungumza na Mungu wake huku akichambua maharage, na mimi nimepita tu nikasikia.

Msimu wa kuchuma kahawa nilikwenda nyumbani Itaka kumsaidia mama.

Mama yangu si mtu wa kusifu. Aliimba kwaya ya kanisa tangu usichana wake mpaka siku alipoamua imetosha, na hakuna aliyemuuliza sababu. Kwaya yoyote ikiimba, hata ile iliyokuja kutoka Mbeya na sare mpya, yeye husema, "Wamejitahidi." Basi. Ndiyo sifa yake kubwa. Kwa hiyo sikutegemea chochote nilipoiweka simu yangu juu ya gunia na kuwasha wimbo wa pili, yeye akiwa kwenye mashine ya kumenya kahawa, anazungusha mkono.

Alizungusha kidogo. Kisha mkono ukaacha kuzunguka. Maji yakaendelea kutiririka kwenye mfereji na maganda mekundu, na yeye amesimama vilevile, ameshika mpini, mpaka wimbo ukaisha.

"Rudia," akasema.

Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo kuhusu muziki wowote. Tulirudia mpaka betri ikaisha.

Tangu siku hiyo tukawa wawili. Nilimnunulia simu ndogo yenye redio na mahali pa memori kadi, nikamwekea nyimbo zote nne, baadaye saba, maana bwana wa kibandani alikuwa akipata mpya ananipigia. Na tukawa na ugomvi wetu. Katika wimbo wa tatu kuna mstari wa Kiswahili kuhusu mbegu. Mimi nilisikia anaimba, "Nipe mbegu nisiyoila, niipande mvua ikirudi." Mama akasikia, "Nipe mbegu nisiyoilia." Tulibishana kwenye simu, tulibishana shambani. Mimi nikasema, nani anailia mbegu kwa machozi? Yeye akasema, wewe mtoto wa mjini, unajua nini.

Tulikuja kukutana naye Vwawa bila kutegemea. Ilikuwa siku ya soko. Nilikuwa nimemsindikiza mama kufuatilia mambo ya shamba kwenye ofisi za mkoa, na tulipotoka tukapita sokoni kununua viazi. Mama akanishika mkono. Nilifikiri amejikwaa. "Sikiliza," akasema.

Ilikuwa sauti yenyewe, si ya simu. Mwanamke mfupi, amevaa sweta la kijani na buti za mvua zenye udongo mwekundu, skafu imezungushwa shingoni, alikuwa amekaa nyuma ya debe la maharage anapanga mafungu. Pembeni, kwenye kitambaa safi, kulikuwa na flashi chache za nyimbo zake. Alikuwa anaimba kwa chini huku anapanga, bila kumwangalia mtu. Watu walipita. Wengine walinunua maharage wakaenda zao, na mimi nilitaka kuwashika mashati niwaambie, jamani, mnajua mmenunua maharage kwa nani?

Mama ndiye aliyesogea, akamwamkia kwa heshima kama anavyowaamkia wake wa wachungaji, kisha, bila hata kumwambia kwamba tunampenda, akauliza:

"Dada, kwenye ule wimbo wa mbegu. Unasema nisiyoila au nisiyoilia?"

Mama wa Ileje akamtazama. Akatabasamu kidogo.

"Nisiyoila, mama. Kuna mwaka mvua zilitukataa, tukala mbegu. Tulipomaliza ndiyo nikautunga."

Nikageuka kwa mama nikiwa na ushindi wangu tayari mdomoni. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kumbe na ninyi," mama akasema. "Sisi tulikula ya mahindi. Huyu alikuwa bado ananyonya. Nilipoitia chunguni niliilia."

Sikuwahi kuambiwa habari hiyo. Nimekula mezani kwa mama yangu miaka yote, na ilinibidi nisimame mbele ya debe la maharage Vwawa ndipo niijue. Mama wa Ileje alimshika mama mkono, akaushikilia, kisha akamwongezea maharage juu ya fungu. Nami nikajua kwamba wimbo nilioupenda kwa sababu ya uzuri wake, mama aliupenda kwa sababu ulimjua.

Ile skafu niliiona siku ile lakini sikuifikiria. Huku kwetu milimani watu wengi hufunga skafu, kuna baridi. Baadaye, nyimbo mpya zilipoacha kuja, bwana wa kibandani ndiye aliyenipa habari. Mama wa Ileje alikuwa na uvimbe shingoni, tezi, kwa miaka. Ulikuwa umeanza kumziba pumzi ikabidi apasuliwe. Amepona, anatembea, analima. Lakini sauti haikurudi.

"Haikurudi kabisa?"

"Anaongea kama mtu aliyepaliwa. Kuimba hawezi."

Nilikaa kwenye benchi lake. Yeye akaendelea kumjazia mtu nyimbo za vijana. "Watu siku hizi hawamuulizi," akaniambia, si kwa ubaya. "Wanataka za kuchezea. Wewe na wachache tu."

Nilichelewa kumwambia mama. Nilipomwambia akauliza, "Anakula vizuri?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi uulizie."

Kwa kuulizia huko ndiko tulikopata habari kwamba kanisa lake limeandaa ibada ya kumshukuru Mungu kwa kupona kwake. Tukafunga safari mpaka Itumba, kisha tukapanda kwa miguu. Nilidhani tutakuta watu wa kijiji chake. Nilikuta uwanja umejaa. Walikuwepo Wandali na Walambya, Wanyiha kama sisi, kina mama waliovuka mto Songwe kutoka Malawi na watoto mgongoni, na madereva wawili wa malori ambao walisema wamemsikiliza njia nzima ya kwenda Lusaka kwa miaka. Kila mmoja alikuwa na hadithi ya alivyompata. Mmoja kwa redio ya kinyozi. Mmoja msibani. Nilikuwa nimedhani tuko wawili, mimi na mama, na bwana wa kibandani.

Mchungaji akamwita atoe salamu. Akaja mbele na sweta lilelile la kijani. Akasogelea kipaza sauti, akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa kama majani makavu ya mahindi yakisuguana. Akajaribu tena. Kisha akafunga mdomo, akasimama tu, ametulia, anatutazama.

Mahali fulani nyuma, mwanamke mmoja akaanzisha wimbo wa pili. Peke yake. Wa pili akadaka, wa kumi akadaka, na kabla sijafuta macho uwanja mzima ulikuwa unaimba, pamoja na wale ambao Kindali hawakijui, waliojifunza maneno kama mimi, kwa masikio tu. Halafu kando yangu nikasikia sauti nzito ya chini, sauti ya pili ya kwaya, iliyoshika wimbo kama nguzo inavyoshika paa. Niligeuka kuona ni nani. Alikuwa mama yangu. Macho amefumba.

Na mama wa Ileje? Nilidhani atalia. Alisikiliza kidogo, akakunja uso, akainua mkono. Tukanyamaza, uwanja mzima. Akatikisa kichwa, akapiga kofi kuonyesha mapigo, polepole kuliko tulivyokuwa tukiimba, akatuashiria tuanze upya. Tulikuwa tunakimbia! Tukaanza. Akatusimamisha tena kwenye ubeti wa pili, akanyoosha kidole upande wa wanaume, akashusha kiganja: chini, chini. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Alitufundisha hivyo nyimbo zake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, bila sauti, na tulipopatia alifumba macho na kunyoosha shingo yake yenye kovu kama mtu anayeota jua la asubuhi. Nimekaa kwenye ibada nyingi maishani. Sijawahi kuogopa kwa furaha namna ile.

Njiani kurudi gari lilisimama kwenye njia panda ya Mpemba. Hapo mama akasema, "Yule ni mtu."

Mwaka huu nilimshonea mama wa Ileje gauni. Sikumpima. Vipimo nilivichukua kwa macho siku ya ibada, fundi hawezi kujizuia. Niliweka kola ndefu ili ifunike kovu, nikapanda nalo mpaka kwake. Nilimkuta anapalilia. Aliingia ndani kulijaribu, akatoka limemkaa sawasawa, ila kola ameikunja chini, na kovu liko wazi mbele ya Mungu na mimi. Nikajisikia mjinga, kisha nikajisikia vizuri.

Tukakaa kwenye mkeka nje ya nyumba. Kwa sauti yake ile iliyokwaruzika akaniambia kwamba bado anatunga. "Zinakuja tu," alisema. "Hazijui kwamba mlango umefungwa." Nilimwomba anisikilizishe hata mmoja. Akafikiri. Kisha akauchukua mkono wangu, akaviweka vidole vyangu juu ya koo lake, akaanza.

Masikioni nilipata pumzi na mikwaruzo. Lakini kwenye vidole niliupata wimbo. Ulipanda, ukatua, ukazunguka, ukapanda tena, palepale chini ya ngozi, hai kama kifaranga kiganjani. Sikuthubutu kumeza mate. Nilimsikiliza kwa vidole mwanamke niliyempata kwenye mkoba wa mteja, na sikujua kama nilipaswa kupiga magoti.

Alipomaliza akaniambia niuimbe. Nilimwambia mimi si mwimbaji. Akasema hakuna mwingine hapo. Basi nikauimba vibaya, akawa ananipigia mapigo kwenye goti, ananirekebisha, mpaka mvua ikaanza kudondoka tukakimbia kuanua mahindi yake. Kufikia saa tisa nilikuwa na beti mbili. Niliteremka mlima nikiziimba kwa nguvu ili zisinitoke, na nilipofika barabarani nikapanda gari nikiwa bado ninaimba. Abiria wakanitazama. Kondakta akauliza, "Mama, uko salama?" nikamjibu kwa kichwa, kwa sababu nilikuwa katikati ya ubeti.